Sauti ya Pili

Gwaride la Kwibohora, siku ya ukombozi wa Rwanda, la 2024 lilikwisha katika uwanja wa Amahoro tarehe 4 Julai, lakini hapa Nyakabanda, Kigali, liliendelea kwa siku kadhaa. Watoto walikuwa wameliona kwenye runinga: vikosi vikipita mbele ya jukwaa, bendi ya jeshi iking'aa, uwanja wenyewe ukiwa mpya baada ya kupanuliwa hadi viti 45,000. Kilichobaki ni kulihamishia kichochoroni. Jerikani la manjano, ambalo lilitoka nyumbani kwenda kuchota maji, likawa ngoma kubwa. Mifuniko ya sufuria ikawa matoazi, na mama mwenye sufuria akapiga kelele mpaka akachoka. Matarumbeta yakatoka kwenye mpapai: unakata jani na bua lake refu lenye uwazi ndani, unalitupa jani, unachana bua kidogo upande mmoja, unapuliza, na kinachotoka ni sauti ya ng'ombe mwenye mafua. Wakajipanga mistari mitatu, wafupi mbele, warefu nyuma, wakaanza kuupanda mteremko wetu, ambao hata mtu mzima asiyebeba kitu huupanda kwa kusimamasimama.

Wakapita mbele ya mzee mmoja jirani yangu, ambaye jioni hukaa kwenye benchi la duka linalouza sukari na vocha. Mgongo wake ulinyooka kabla yeye mwenyewe hajajua. Visigino vikakutana chini ya benchi. "Shoto, kulia, shoto," akaanza kwa sauti ndogo, kisha kubwa, "wewe wa ngoma unakimbia! Wanaokufuata wana miguu, hawana magurudumu." Watoto wakacheka, wakapunguza mwendo. Akaomba bua moja, akalifuta kwa upindo wa shati, akalipima mdomoni, akapuliza. Pu-pu, kimya. Pu-pu, kimya. Kisha mlio mmoja mrefu, kisha kimya tena, kirefu kuliko mlio. Akarudia vilevile toka mwanzo, macho yakiwa mbali, kidole cha mguu kikihesabu ndani ya kandambili. Mwenye jerikani akamwangalia kwa huruma. "Babu," alisema, "huo si wimbo."

"Ni wimbo," mzee akajibu. "Ila si wote."

Alikuwa akipuliza tarumbeta la pili. Wazazi wake walivuka mpaka kuingia Tanganyika katika ile miaka ya mwanzo ya sitini, miongoni mwa Watutsi waliokimbia mauaji na moto ulioanza mwaka 1959. Yeye alikulia upande wa magharibi wa nchi ile, na Serikali ya Mwalimu Nyerere ilipowapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Kinyarwanda mwaka 1980, familia yao ilikuwa imo. Wakati huo akili ya darasani ilikuwa imekwisha kumpeleka Tabora Boys, shule aliyosoma Nyerere mwenyewe kuanzia 1937, na ambayo baadaye ilijulikana nchi nzima kwa mafunzo yake ya kijeshi: magwanda, kwata, vyeo, na kengele ya alfajiri isiyobembeleza mtu. Huko, kwa maelezo yake, ndiko alikokabidhiwa tarumbeta, si kwa sababu alikuwa na kipaji bali kwa sababu alikuwa na meno yote ya mbele. Na alipewa la pili kwa sababu la kwanza lilikuwa na wenyewe.

Asiyewahi kukaa ndani ya bendi hajui maana ya kuwa wa pili. Wa kwanza ndiye mwenye wimbo. Ndiye anayesikika upande wa pili wa uwanja, ndiye anayeigwa na wapita njia kwa mluzi, ndiye ambaye wasichana wa shule ya jirani humuuliza jina. Wa pili kazi yake ni kujaza. Anaingia pale wa kwanza anapovuta pumzi, anashika noti ndefu chini ya noti fupi za mwenzake, anagonga katikati ya mapigo ili mguu usilale. Akifanya vizuri hasikiki kabisa. Akikosea, kila mtu anajua kuna kitu kimeharibika ingawa hakuna anayejua ni kitu gani. Na akirudi nyumbani likizo, mama yake akamwambia hebu mwanangu tupigie huo wimbo wa shule tuusikie, hapo ndipo anapogundua kwamba hana wimbo. Ana mashimo ya wimbo na vijazio vyake. Anaweza kuuimba kwa koo, naam, maana ameusikia mara elfu, lakini midomo na vidole havikufundishwa wimbo; vilifundishwa zamu.

Nimewahi kuwasikiliza watu kadhaa waliopita kwenye bendi za shule, wa Tabora na wa kwingineko, na nimeona kitu kimoja. Uwaulize kuhusu siku kubwa, siku ya rais au ya mbio za mwenge, watakujibu kwa mkato: tulipiga, wakashangilia, tukala wali. Uwaulize kuhusu shaba, hawanyamazi. Jinsi ya kuing'arisha kwa Brasso, na Brasso ikiisha kwa majivu na ndimu. Harufu ya chuma iliyobaki vidoleni hata baada ya kunawa, ikaingia kwenye ugali. Midomo iliyopasuka kiangazi, Tabora ikiwa kavu na upepo wake wa vumbi ukivuma katikati ya miembe ya zamani, na siri ya kupaka mafuta ya karanga usiku ili asubuhi upulize bila damu. Mate yanayokusanyika ndani ya bomba na namna ya kuyamwaga kwa haraka bila kuivunja safu. Na zaidi ya yote, shingo. Ndani ya gwaride huoni umati, huoni jukwaa, huoni hata mkuu wa bendi mwenye fimbo isipokuwa ncha yake ikipanda na kushuka. Unaona shingo ya aliye mbele yako. Wahenga wanasema mwana hutazama kisogo cha nina. Hawa walitazama kisogo cha mwenzao kwa miaka minne, wakakijua kovu kwa kovu, na leo wanaweza kusahau jina la mtu wakakumbuka upara ulivyoanza kumnyemelea akiwa kidato cha tatu.

Zamani sana kabla ya shaba ya viwandani, jumba la mfalme wa Rwanda lilikuwa na kikosi cha wapiga pembe, amakondera. Kila pembe, iwe ya mnyama au ya kibuyu na mti, ilikuwa na sauti yake moja, na mwenye nayo alitakiwa kuingia mahali pake tu, asubiri, aingie tena. Wimbo haukuwa kwa mtu yeyote. Ulikuwa hewani katikati yao, na ulikuwepo kwa muda ule tu walipokuwa wote wamesimama pamoja. Uganda nako, katika falme za Buganda, Bunyoro na Toro, makondere yalipigwa kwa mtindo huohuo. Ninaposema haya sitaki kuonekana kama wale wanaodai kila kitu cha Ulaya kilikuwapo kwetu tayari. Tarumbeta la shaba lilikuja na watu waliokuja na bunduki. Lakini wazo kwamba binadamu mmoja anaweza kushika sauti moja maisha yake yote na asijione amepungukiwa, hilo halikuletwa na meli. Pwani ya Lamu na Pate walikuwa na siwa, moja ya shaba na moja ya pembe za ndovu, ambazo hazikupigwa ila kwa jambo kubwa la mji. Nazo hazina wimbo, zina mlio tu, na mlio ulitosha.

Hata kutembea kwa kufuata ngoma hakukuanzia kambini. Tabora ilikuwa mji wa misafara, na mbele ya wapagazi wa Kinyamwezi alitangulia kirangozi, mwenye joho jekundu na manyoya kichwani, ngoma ikilia karibu naye, ili mtu wa nyuma kabisa mwenye mzigo wa vitambaa au pembe begani ajue kama safari inaendelea au imesimama. Ukimwona mkuu wa bendi ya shule akirusha fimbo na kuidaka, kifua mbele, unamwona kirangozi aliyebadilisha mavazi. Tofauti ni kwamba kirangozi alikuwa anakwenda mahali.

Na njia hiyo ya kati ya hapa na Tabora imekanyagwa kwa mwendo wa aina nyingi. Kigali, mji ambao Richard Kandt aliuanzisha mwaka 1907 kama makao ya utawala wa Wajerumani, akiwa na askari na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, ulichukuliwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo mwezi Mei 1916. Jeshi hilohilo likateremka kusini, likaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Mkuu wao, Jenerali Tombeur, alikuja kupewa cheo cha kibaroni chenye jina la Tabora ndani yake. Wapagazi waliobeba chakula na risasi zake hawakupewa jina la mahali popote. Miaka arobaini na kitu baadaye wakimbizi wakapita pande zilezile bila ngoma, na thelathini na kitu baada ya hapo watoto wao wakarudi kwa malori. Jirani yangu ni mmoja wao. Alirudi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 na sanduku, vyeti vya shule, na Kinyarwanda cha jikoni kwa mama yake ambacho watu wa ofisini walikicheka. Nyakabanda ilimfaa kwa sababu iko mgongoni mwa Nyamirambo na si mbali na Biryogo, ambako Kiswahili hakijawahi kuondoka, tangu siku za Wabelgiji walipowatenga Waislamu na wageni wa pwani katika eneo lililoitwa Kambi ya Waswahili. Kwa muda mrefu nchi hii iliitazama lugha hii kwa jicho la pembeni: lugha ya askari, ya madereva, ya wezi. Mwaka 2017 ikafanywa lugha rasmi. Mzee husema kwa utani kwamba tangu hapo ameacha kuwa mwizi.

Lakini nirudi kwenye bendi, kwenye swali ambalo utani hauliondoi. Kwa nini watu waipende kumbukumbu ya kupangwa mstari?

Jibu moja liko kwenye beni. Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa, vijana waliosikia bendi za wazungu walitengeneza za kwao, wakajigawa katika pande zinazoshindana kwa mavazi, kwa ngoma na kwa karamu. Kutoka pwani mchezo ukapanda bara, ukawa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vikapenya Tanganyika yote, vikaingia Katanga, na huko Malawi ukazaa malipenga, ambamo vibuyu vinafanya kazi ya shaba. Vita vya 1914 hadi 1918 viliusambaza kuliko kitu kingine, kwa kuwa askari na wapagazi wa pande zote mbili waliucheza. Ndani ya beni mpagazi aliweza kuwa jenerali, karani akawa mfalme, mwanamke wa mtaani akawa malkia, na vyeo hivyo viliheshimiwa kweli, vikiwa na nidhamu, barua na kusaidiana kwenye misiba. Wakoloni walishtuka. Wakadhani ni njama, wakaandika taarifa za siri. Mwanahistoria Terence Ranger aliuandikia mchezo huu kitabu kizima mwaka 1975, na mimi nikikisoma hunijia cheko: watu walichukua chombo kilichotumika kuwaamrisha, wakakifanya cha kujiamrisha wenyewe, jioni, baada ya kazi, wakiwa wamevaa soksi nyeupe.

Shule nazo zilikuwa na lao. Wajerumani waliunda bendi ya wavulana katika shule ya serikali ya Tanga, watoto wenye kanzu za shule wakipuliza nyimbo za Berlin. Nairobi, Starehe, shule aliyoianzisha Geoffrey Griffin na wenzake mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana wasio na mahali pa kwenda, ikaja kuwa na bendi ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa magwaride yake kuliko wanavyojua alama za mitihani za wanafunzi wake. Mvulana asiye na baba, ukimkabidhi ngoma na kumwambia wenzako mia wanatembea kwa mkono wako, umempa kitu ambacho darasa halina namna ya kumpa. Haya nayaamini.

Ila naishi Kigali, na Kigali hairuhusu mtu kuishia hapo. La mgambo likilia kuna jambo, na jambo lenyewe si lazima liwe la heri. Mguu uliozoeshwa unatii kabla akili haijaulizwa. Ndiyo maana ya kuuzoesha. Butare ilikuwako shule ya jeshi, ESO, iliyofundisha masajini na makoplo. Vijana wake walijua kwata, walijua kusimama mguu sawa, na nina hakika walijua kung'arisha vifungo. Tarehe 20 Aprili 1994 askari waliotoka huko walimtoa nyumbani kwake Rosalie Gicanda, mjane wa Mfalme Mutara III Rudahigwa, wakamuua pamoja na wengine waliokuwa naye. Mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani Kapteni Ildephonse Nizeyimana wa shule hiyo mwaka 2012, kwa kifo hicho na kwa mengine. Marehemu mume wa Gicanda ndiye aliyekuwa na Karinga, ngoma kuu ya ufalme, ambayo nayo ilivishwa masalio ya miili ya maadui walioshindwa. Kwa hiyo hata ngoma za kale si malaika. Wanaoniambia kwamba tarumbeta ni muziki tu, na gwaride ni mchezo tu wa watoto wenye mabua ya mpapai, siwabishii kwa maneno mengi. Nawaambia wasubiri Aprili.

Kuanzia tarehe 7 Aprili, maombolezo ya mauaji ya kimbari yanapoanza, mteremko wetu hunyamaza. Baa huzima muziki, harusi hazifungwi, hata wenye maduka ya simu wanaozoea kuweka spika mlangoni huziingiza ndani. Unasikia vitu ambavyo mwaka mzima hufunikwa: maji kwenye mfereji, pikipiki zikibadilisha gia kule chini Kimisagara, mtu anayekohoa nyumba ya tatu. Kwa wageni ni kimya. Kwa wenyeji kimya hicho kina sehemu zake, na kila nyumba inajua ni sauti gani isiyokuwapo. Mzee huyu hakuwapo hapa mwaka 1994, na hujilaumu kwa hilo na kushukuru kwa hilo kwa zamu. Mabinamu wa baba yake waliobaki ndio waliokuwapo. Aliporudi alikuta hakuna wa kumwonyesha boma lilipokuwa. Akaniambia mara moja, bila kuinua sauti, kwamba alipofika kilimani kwao alihisi kile alichokihisi likizo ya kwanza ya shule mbele ya mama yake: ana zamu zake zote, anajua wapi aingie, lakini hakuna wa kuingia baada yake.

Hapo ndipo nilipoacha kuyaona mazungumzo ya wahitimu wa bendi za shule kama mambo ya wazee kukumbuka ujana. Shule za kawaida zikikusanya wahitimu wake, kila mtu huja na hadithi nzima, na hadithi yake husimama hata akiwa peke yake. Hawa wa bendi wakikutana kila mtu huja na kipande ambacho peke yake ni upuuzi. Milima haikutani, binadamu hukutana, ndivyo tusemavyo. Lakini hapa kwenye nchi ya vilima elfu tunajua kwamba kuna wengi ambao hatutakutana nao, na kwamba baadhi ya nyimbo zimekwenda na wenye sauti ya kwanza. Nini cha kufanya na sauti ya pili iliyobaki? Unaweza kuinyamazisha, na watu wengi wa umri wake wamefanya hivyo. Unaweza kujifunza wimbo mwingine mzima, ambao ni wako peke yako, na vijana wanatushauri hivyo kila siku. Au unaweza kuipuliza ilivyo, na mashimo yake, watoto wakucheke.

Nikiwa bado na swali hilo hunijia Butare tena, kwa mlango mwingine. Nchi ilipoamua kuuacha wimbo wa taifa uliokuwapo tangu uhuru wa 1962, uliokuwa umechafuliwa na mengi, ulitafutwa mpya, nao ukaanza kuimbwa rasmi tarehe 1 Januari 2002. Maneno yaliandikwa na Faustin Murigo, aliyekuwa katika gereza la Karubanda, hukohuko Butare. Muziki ulitungwa na Kapteni Jean-Bosco Hashakaimana wa bendi ya matarumbeta ya jeshi. Ndivyo ulivyopatikana *Rwanda Nziza*: nusu ilitoka nyuma ya ukuta wa gereza, nusu ilitoka kwa mpulizaji wa kambini. Sijaona shairi linalosema jambo hili vizuri kuliko lilivyojisema lenyewe. Asubuhi, shule ya hapa chini inapoimba, mimi huwasikiliza wale wasiofikia noti ya juu, wanaojishusha na kutafuta mahali pa kusimama chini ya wenzao. Mwalimu hudhani wanakosea. Pengine wanakosea. Ila bila wao wimbo huo ungekuwa mwembamba sana kwa mlima huu.

Sasa mzee huyo na wenzake wa bendi ya Tabora wameanzisha mradi. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Dodoma, mmoja Toronto kwa mwanawe, jirani yangu yuko hapa, na wengine wametawanyika wanavyojua wenyewe. Wazo ni kwamba kila mtu ajirekodi kwa simu akipiga au akiimba sehemu yake ya wimbo mmoja wa mwendo waliokuwa wakifungulia gwaride, kisha mjukuu mmoja mwenye kompyuta azibandike sauti zote pamoja. Kazi imekuwa ngumu kuliko Vita vya Kagera. Kwanza mwendo haulingani. Wa Dodoma ameshika hatua 120 kwa dakika, kama kitabu kinavyotaka. Jirani yangu anaapa kwamba siku zote walikwenda taratibu zaidi, na ukimwangalia magoti yake unaelewa ni nani aliyempa ushahidi huo. Mpiga ngoma wa Mwanza, kwa kukosa ngoma, alirekodi miguu yake akitembea papohapo kwenye sakafu ya saruji, vizuri sana, sawasawa, hadi katikati ambapo mke wake anasikika kutoka chumbani akiuliza ni nani anayegonga usiku huu. Mjukuu alitaka kumkata. Wazee wakapiga kura, mama akabaki.

Lililo gumu zaidi ni tarumbeta la kwanza. Walikuwa wawili. Mmoja amefariki. Wa pili yu hai na ana afya, lakini ana meno ya bandia, na tarumbeta na meno ya bandia havipatani. Kila akikaza midomo, meno hutembea. Kwa hiyo wana ngoma, wana besi, wana la pili kutoka Nyakabanda, wana mama anayeuliza mlangoni kuna nani, na hawana wimbo. Mwenye meno amependekeza aupige kwa mluzi. Jirani yangu amekataa katakata: jeshini hakuna mluzi, na watoto wa hapa wakisikia wataona ni utani. Wamebishana kwa wiki nzima, kila mmoja akitumia vyeo vya mwaka 1979. Ujumbe wa mwisho niliosomewa ulitoka kwa mwenye mluzi, mfupi, bila salamu wala cheo: basi niazimeni meno.